Mtu wa Kipimo

"Huyu kijana ni nani?"

Mama mkwe wangu mtarajiwa aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa ameinamia meza ya chakula, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, kalamu nyekundu mkononi. Miaka thelathini na minne ya ualimu haimtoki mtu kwa sababu tu amestaafu. Mama yule hata kadi za mwaliko wa harusi akiletewa huzisahihisha kwanza, ndipo asome harusi ni lini.

"Yupi, Mama?"

"Huyu. Na huyu. Na huyu hapa mlangoni, aliyeshika bawaba."

Mezani palikuwa na picha kumi na moja, kila moja kubwa kama sinia, zimetoka kwa mchapaji asubuhi hiyohiyo. Ni majengo ya mwanawe, mchumba wangu, ambaye kila mtu kazini humwita Msanifu, nami nikazoea hivyohivyo. Yeye ndiye aliyeyachora yote, na picha nilipiga mimi. Jumatatu zilitakiwa zirudi kwa mchapaji ziwe kitabu, kitabu chake cha kwanza. Na siku moja kabla ya hapo, Jumapili, baba zake wadogo na mjomba wake mkubwa walikuwa waje kwetu kupanga siku ya ndoa. Leo ilikuwa Jumamosi. Nilijiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote mtaani, na nilikuwa nimeketi nimekunja miguu kama mtu mwenye bahati.

"Ah, huyo!" nikacheka. "Huyo ni mtu wa kipimo tu."

"Kipimo cha nini?"

"Cha jengo, Mama. Jengo likiwa peke yake kwenye picha, jicho halijui ni kubwa kiasi gani. Mlango unaweza kuwa wa bohari, unaweza kuwa wa kabati. Sasa ukimweka mtu pale, anayetazama anajipima naye. Anajua dari iko juu wapi, ngazi ina upana gani."

"Kwa hiyo ni rula."

"Rula kabisa! Tena mafundi wenzake wanamwita Futi Sita. Ni seremala wa milango."

Msanifu alikuwa kwenye kochi, magoti yamejaa karatasi za maelezo ya kitabu. Akacheka bila kutuangalia. "Mama, acha kumhoji mwenzio. Hiyo ni fani ya watu."

"Simhoji. Nasoma." Akapangusa miwani kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena. "Kwenye picha kumi na moja, rula imo kwenye tisa. Hakuna rula nyingine mjini?"

Nikamweleza. Sikuwa na wasiwasi hata chembe, na hilo ndilo linalonitia aibu nikikumbuka. Nikamwambia jengo hupigwa picha siku moja tu katika maisha yake: siku ambayo mafundi wamemaliza na wenyewe hawajahamia. Ukiwahi, unakuta ndoo za rangi na mbao chakavu. Ukichelewa, unakuta mapazia ya maua, kalenda ukutani na kamba ya nguo kwenye baraza, na mchoro wote wa msanifu umezikwa. Siku hiyo moja humkuti mtu ndani isipokuwa seremala wa milango, kwa maana milango hufungwa mwisho, rangi ikishakauka. Basi mimi nafika na kamera, namkuta yeye na randa yake, namwambia, kaka, hebu simama hapo. Ndiyo hivyo.

"Sawa," Mama akasema. "Nimeelewa. Sasa nieleze hili lingine. Mbona nyumba ina ukungu?"

"Ukungu?"

"Njoo uone."

Nikasimama, bado natabasamu. Alikuwa ameweka ncha ya kalamu juu ya picha ya bweni la wasichana, kazi ya mwaka jana, ukuta mrefu wa matofali ya kuchoma ambao Msanifu aliupigania kama mtu anayepigania shamba la urithi.

"Nihesabie tofali hapa," Mama akasema. "Huwezi. Yameingiana kama uji. Lakini mwangalie kijana. Kifungo cha pili cha shati lake, kutoka juu. Kimeshonwa na uzi wa rangi nyingine. Mimi na macho yangu haya mabovu nimeuona huo uzi."

Tabasamu likanifia mdomoni.

Ngoja niseme wazi, maana si wote wamewahi kushika kamera. Lenzi ina mahali pamoja inapoona sawasawa. Mbele ya hapo na nyuma ya hapo, vitu vinaanza kulainika. Mpiga picha ndiye anayechagua mahali hapo, kwa kidole chake mwenyewe. Anayepiga watu atachagua macho ya mtu. Sisi wa majengo tunachagua jengo, tunafungua lenzi kidogo sana ili kila kitu kitoke safi, na mtu wa kipimo hata akitoka kivuli haidhuru, ni rula tu. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Kwenye kioo kidogo cha kompyuta, usipoikuza picha, kosa la namna hii hulioni. Mpaka picha ikuzwe iwe kama sinia, na mwalimu mstaafu aiinamie.

Nikachukua ya pili, ya benki ya akiba. Nguzo zimelainika, na seremala anaonekana hadi vumbi la mbao kwenye nyusi. Ya tatu, ya maktaba: kovu dogo kwenye kidole gumba. Ya nne. Ya tano. Nilikuwa nimechagua mara tisa, na mara tisa nilikuwa nimeiachia lenzi wazi na kumchagua yeye, na Mungu ni shahidi wangu sikuwa na habari.

"Kuna nini?" Msanifu akauliza. Alikuwa ameinuka. Karatasi zikamwagika sakafuni, hakuziokota.

"Lenzi," nikasema haraka. "Nadhani lenzi ina hitilafu."

Akazipitia zote kumi na moja, moja moja, taratibu, kama anavyokagua ukuta uliojengwa kombo. Kisha akazitenga mbili pembeni.

"Hizi mbili ziko safi."

"Unaona? Basi siyo..."

"Hizi mbili hayumo."

Mama akafunika kalamu yake.

"Nimesahihisha insha za watoto tangu hujazaliwa," akaniambia, na sauti yake haikuwa kali, afadhali ingekuwa kali. "Mtoto akikosea mara moja, kalamu imeteleza. Akikosea kosa lilelile mara tisa, mwanangu, hajakosea. Hivyo ndivyo anavyojua. Ngoja nikaangalie chai."

Chai ilikuwa mezani tayari. Akaenda hivyohivyo.

Msanifu akafunga mlango wa jikoni nyuma ya mama yake. "Kuna nini kati yako na huyu mtu?"

"Hakuna kitu!"

"Mara tisa."

"Hakuna kitu, nakuapia. Sijawahi hata kunywa naye maji. Sijui anakaa wapi. Jina lake halisi silijui!"

"Sikuulizi mmefanya nini. Nakuuliza kuna nini."

Swali gani hilo! Ningekuwa nimefanya jambo ningelikana au ningelikiri, mambo yakaisha. Sasa mtu unakanaje kitu ambacho hata wewe umekisikia sasa hivi, tena kutoka kwa mama mkwe?

"Sijui," nikasema.

"Hujui."

"Sijui! Unataka niseme nini? Anasimama. Yule mtu anajua kusimama. Nikimwambia tulia, anatulia. Labda jicho linapenda kitu kilichotulia, labda ni hivyo tu, mimi nitajuaje?"

"Na majengo yangu yanakimbia?"

Akavuta kiti, akaketi, akajishika kichwa. Nywele zake zilikuwa na vumbi la penseli pembeni, pale anapojikuna akichora. Nilitaka kumpangusa, mkono ukasita njiani, na aliona ulivyosita.

"Unajua ni watu wangapi watafika kwenye bweni lile?" akasema taratibu. "Wasichana mia mbili na walimu wao, basi. Wengine wote duniani wataliona kwenye picha yako. Miaka hamsini ijayo litakuwa limebomolewa, litabaki kwenye picha yako. Mimi nachora, mafundi wanajenga, lakini wewe ndiye unayesema lilikuwaje. Nilikuachia hilo kwa moyo wote. Kumbe ulikuwa unawaeleza watu habari za seremala."

Maneno hayo yaliniuma kuliko tusi.

"Nitazipiga upya," nikasema. "Zote tisa. Mchapaji atatusubiri."

"Wenyewe wameshahamia. Mapazia ya maua, kamba za nguo. Si umemwambia Mama sasa hivi?" Akainua kichwa. "Imebaki moja tu ambayo bado hujaipiga. Zahanati ya wazazi haijafunguliwa. Ndiyo ya jalada. Jua la saa kumi na moja linaingia vizuri pale. Twende tukaipige leo."

"Na mtu wa kipimo?"

Akainama, akaanza kuokota karatasi zake sakafuni.

"Nitasimama mimi," akasema.

*

Zahanati ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, ukuta mweupe, ngazi pana za mbele, mlango wa mbao wenye mabawa mawili, na juu yake dirisha moja refu, jembamba, lililopanda na ngazi ya ndani hadi ghorofa ya juu. Njia nzima hatukuongea. Nikiwa na hasira huwa naongea, nikiwa na huzuni naongea zaidi. Siku hiyo nilinyamaza kwa sababu sikujua nina nini.

Na nani alikuwa mlangoni, amepiga magoti, anapiga msasa ukingo wa chini?

"Dada wa picha!" Futi Sita akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali. Akamwona na Msanifu. "Bosi. Karibuni."

"Mlango huu haujaisha tu?" Msanifu akauliza.

"Unaisha leo, bosi."

Msanifu aliingia ndani kuwasha taa za vyumba vyote, maana jengo likipigwa jioni bila taa linaonekana limefiwa. Mimi nikaenda kusimika stendi ya kamera, nikaanza kuiweka sawa, guu moja juu, guu moja chini, huku nikijilazimisha kutazama chini. Nasikia hatua zinakuja.

"Leo nisimame wapi, dada?"

"Leo husimami."

"Nimekosa?"

"Hujakosa. Bosi mwenyewe atasimama."

"Aah." Akaitikia taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba wa mbali. "Basi nitakaa kule pembeni nisiingie kwenye picha."

"Mlango ulitakiwa uishe lini?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Jumatano."

"Jumatano hii?"

"Ile ya kabla yake." Akainama, akawa anachezea kipande cha msasa. "Dada, nikwambie ukweli? Mlango mmoja ni kazi ya saa mbili. Bawaba tatu, kitasa, unapitisha msasa, umemaliza. Lakini nikimaliza wananihamishia kazi nyingine, na wewe unakuja siku ya mwisho. Basi mmoja huwa nauacha. Nauacha mpaka nisikie umekuja."

"Kila jengo?"

"Kila jengo. Mawili tu ndiyo walinihamisha kabla."

Masikio yakaniwaka moto. Ningekuwa na akili timamu ningekasirika: watu wanachelewa kuhamia, Msanifu analaumiwa na wateja, kumbe bwana mkubwa anasugua ubao uleule wiki mbili ili asimame mlangoni dakika tano! Badala yake moyo ulinidunda mpaka nikashika stendi.

"Una mke?" nikaropoka.

"Sina."

"Sijauliza kwa sababu hiyo."

"Sawa, dada."

"Nimeuliza tu."

"Sawa."

"Na kwa nini hukusema?"

"Niseme nini kwa mchumba wa bosi?" Akatabasamu, na nikamwona kwa karibu kwa mara ya kwanza bila kioo katikati. Alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye uso mzuri na uchovu. Hata urefu wenyewe nilikuwa nimemzidishia. "Mtu mwenye haya kama mimi, dada, akiambiwa tulia hapohapo, atataka nini tena? Nilikuwa natulia."

Jamani. Mtu ufanye nini ukiambiwa maneno kama hayo, saa kumi na nusu ya jioni, mchumba wako yuko ndani anawasha taa? Nilijiuliza kama nampenda, jibu halikuja. Nilijiuliza kama simpendi, nalo halikuja. Nilijua uzi wa kifungo chake, lakini sikujua kama ana mama. Hayo nayo ni mapenzi? Au ni macho tu, yamezoea kitu kama mguu unavyozoea kiatu? Laiti angekuwepo mtu wa kumuuliza. Mama yangu angenizaba kibao, dada yangu angecheka, na rafiki zangu wangegawanyika nusu kwa nusu.

"Tayari!" Msanifu akaita kutoka ndani.

Akatokea, akashuka hadi ngazi ya chini, akasimama mbele ya mlango, mikono ubavuni. Seremala akajitenga kule kwenye rundo la mchanga. Nikainama kwenye kamera.

Sasa Msanifu ni mfupi. Nampenda, au nilidhani nampenda, lakini ni mfupi, na mlango ulipanda juu yake ukaonekana wa bohari. Halafu hatulii! Mara ageuke aangalie dari, mara apande apitishe kidole ukutani kuona kama rangi imeshika, mara ainame aokote msumari.

"Tulia!"

"Nimetulia!"

"Unajikuna sikio."

"Limeniwasha!"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi tukacheka wote wawili, kidogo, kisha tukakumbuka. Jua lilikuwa linashuka kwenye ukuta, limefika pale linapotakiwa. Hapo huna dakika nyingi. Nikashika pumzi, nikachagua, nikapiga.

Akaja mbio kuangalia, kama kawaida yake. Tukakuza picha kwenye kioo cha kamera, vichwa vyetu karibu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ukuta ulionekana hadi alama za mwiko wa mwashi. Mbao za mlango safi, taa zimeiva. Nikasogeza hadi ngazi ya chini. Alikuwa pale, Msanifu wangu, na hakuwa na uso. Alikuwa kama pumzi iliyopulizwa kwenye kioo.

"Umetikisika," nikasema.

"Nilikuwa nimetulia ulipopiga. Nilihesabu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida mno. "Uliweka wapi jicho?"

"Dirishani."

"Lile la ngazi?"

"Mwanga huwa naupimia pale siku zote. Kwenye majengo yako yote lipo. Ndilo..." Nikasita. "Ndilo ninalolipenda kuliko vyote."

Akaketi kwenye ngazi, palepale, na suruali yake nzuri.

"Unajua kwa nini lipo?"

"Kwa sababu ya ngazi."

"Upande huu ni wa magharibi. Jua la jioni ni kali, hakuna msanifu mwenye akili anayeweka dirisha magharibi. Wenye zahanati walitaka ukuta mtupu. Nimebishana nao miezi miwili. Wa benki nao walikataa, wa bweni walikataa." Alikuwa anaongea na viatu vyake. "Kazi yetu ya kwanza pamoja, ulikuwa unapandisha vyombo vyako ghorofani, umechoka. Ukasema siku ukiwa na nyumba yako, utataka ngazi inayopata jua la jioni, ili mtu akirudi amechoka apande na mwanga. Ulisema hivyo ukaendelea na kazi yako. Tangu siku hiyo naliweka kila mahali."

Nikalitazama lile dirisha juu ya mlango.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umeliona. Umelipiga picha mara kumi na moja."

Haya, nieleze basi! Nieleze mtu mwenye hekima! Mmoja amechelewesha milango ya watu ili nimwone, na mwingine ametoboa kuta za watu ili nione mwanga, na wote wawili wamefunga midomo kama mabubu, wananiachia mimi nisome! Nilikasirika. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Kama nimeyapenda majengo yake kiasi hiki, na majengo ndiyo barua zake, je, nimempenda yeye bila kujua? Au nimezipenda barua tu, mwandishi simwoni hata akisimama mbele ya kamera?

"Sasa niambie," Msanifu akasema. "Kesho wazee waje, wasije?"

"Sijui."

"Hiyo 'sijui' yako siwezi kuwapelekea. Mjomba amekuwa akipiga pasi suti ileile tangu Alhamisi. Nataka neno moja. Waje au wasije."

"Usinibane!"

"Sikubani. Lakini siwezi kuoa mtu ambaye nikisimama mbele yake anaona dirisha."

"Basi wasije!" nikasema.

Neno likatoka, likakaa. Nilidhani atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, akasimama, akajipangusa vumbi. Akaenda mlangoni, akaufungua, akaufunga. Akaufungua tena. Akauinamia kusikiliza.

"Fundi," akaita. "Umefunga vizuri. Hausugui chini."

"Asante, bosi," Futi Sita akajibu kutoka kwenye mchanga, na hakuthubutu kuinua macho.

Msanifu akashika njia ya geti la mbele. Seremala naye, sijui alisikia kiasi gani, akakusanya randa na nyundo zake kwenye kisanduku, akashika njia ya geti la nyuma. Wakaniacha katikati na kamera yangu, jua linakufa ukutani, na picha ya jalada imepatikana.

Nilikuwa sijawahi kumwona Msanifu akiondoka. Siku zote mimi ndiye ninayeondoka kwanza, nawahi mwanga wa mahali pengine, na yeye hubaki kwenye jengo lake. Alikuwa na bega moja lililoshuka, la kushoto, la kubebea michoro. Ukosi wa shati ulikuwa umekunjikia ndani upande mmoja, na hakuna aliyemwambia siku nzima, si mama yake, si mimi. Hatua zake zilikuwa fupi, za haraka, za mtu anayetaka kufika kwenye gari kabla uso haujamsaliti.

"Subiri!" nikapiga kelele.

Wote wawili wakageuka.

Huku mmoja, huku mmoja. Nilimtazama seremala nikaona aibu, aibu nzito, kama niliyekula cha mtu. Nikamtazama Msanifu nikaona woga. Niliogopa atageuka tena aende zake, na nikaogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa chochote.

"Si wewe, fundi," nikasema. "Samahani. Si wewe."

Akatabasamu. Laiti asingetabasamu.

"Najua, dada," akasema. Akakiweka kisanduku chini. "Nenda. Kamera nitakuangalizia."

Msanifu hakusogea hata hatua moja kunifuata. Alikuwa na haki. Ilibidi nitembee mimi, uwanja wote ule wa kokoto. Nikafika, nikaunyosha ukosi wa shati lake, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho.

"Waje," nikasema.

"Umesema wasije."

"Nimesema. Sasa nasema waje. Lakini usije na michoro. Habari ile ya dirisha uiseme kwa mdomo wako, mbele ya wajomba zangu na mama yangu, wote wasikie. Mimi nimechoka kusoma kuta."

"Mbele ya watu wote?"

"Wote."

"Nitaona haya."

"Ona."

Akanitazama usoni, akinitafuta. Kisha akanifuta machozi kwa kiganja kilichojaa vumbi la chokaa, akanichafua shavu lote. Alidhani nalia kwa ajili yake. Nami nilitaka sana iwe hivyo. Nilijiambia ni hivyo, njia nzima ya kurudi nyumbani, na siku ya ndoa nilijiambia tena, na huwa naamini siku nyingi. Lakini mpaka leo, nikiwekewa kitabu kitakatifu mbele yangu, siwezi kuapa jioni ile nilimlilia nani.